Mita Tano za Juu

Binti yangu hakuwa mkimbiaji, na upande wetu hilo ni jambo ambalo mzazi huulizwa. Mama yake ni Mkipsigis wa Bomet, mrefu kama mlingoti, na wajomba wote wa mtoto waliwahi kukimbia, hata yule ambaye siku hizi ana tumbo na anauza mbolea Sigowet. Mimi wazazi wangu walitoka Nyeri wakaja huku kufanya biashara, na sijawahi kukimbia chochote isipokuwa mvua. Lakini mtoto alichukua urefu wa mamake, basi kila mwalimu aliyemwona alimpeleka uwanjani moja kwa moja. Alikimbia. Akawa wa mwisho, au akamshinda mmoja. Alipofika kidato cha pili aliacha, na wajomba wakanyamaza kama watu waliofiwa.

Mimi humwita maitu, yaani mama yangu, kwa sababu amerithi jina la mama aliyenizaa. Mwaka aliomaliza kidato cha nne alikuwa ananisaidia dukani Litein, ambako nauza mabati, saruji, misumari na vitu vya mabomba, huku akingoja matokeo. Jumapili moja baada ya kanisa alinisogezea simu.

"Baba, angalia hii."

Niliona wanawake wawili wamesimama chini ya ukuta mrefu, kila mmoja na kamba yake. Ukalia mlio, wakapaa ukutani kama mijusi waliomwagiwa maji moto. Kabla sijavaa miwani sawasawa, mmoja alikuwa amepiga kibao kule juu na anashuka akining'inia.

"Wamemaliza?"

"Wamemaliza. Hizo ni mbio."

"Mbio za kwenda wapi?"

"Juu."

Akaniambia kwamba Kericho kuna ghala moja la zamani ambalo watu wamelitia ukuta wa kukwea, na kuna kocha. Alikuwa ameshampigia. Nilichokijua ni kwamba tangu aache kukimbia sikuwa nimemwona akizungumza kwa mikono yote miwili.

Jioni mama yake alirudi kutoka kazini. Yeye ni muuguzi katika hospitali kubwa ya kaunti kule Longisa, na hujui uchovu mpaka umwone akivua viatu. Mtoto alimweleza hali amesimama mlangoni pa jikoni.

"Urefu gani?" mama akauliza.

"Mita kumi na tano."

"Hiyo ni orofa ngapi?"

Wote wawili wakaniangalia, kwa kuwa mimi ndiye wa mambo ya ujenzi. "Nne hivi, ama tano," nikasema, nikajuta papo hapo.

"Mimi ndiye huwapokea wenye wameanguka," mke wangu akasema. "Wa bodaboda, wa miti ya parachichi, wa paa. Hakuna hata mmoja ameniambia alipanga kuanguka."

"Mum, lakini kuna kamba."

"Hata ng'ombe huwa na kamba."

Hakukataa, hata hivyo. Usiku ulipoingia alinigeukia akaniambia, "Mpeleke wewe. Lakini ukae hapo. Usimwache ukaenda kutafuta chai." Hiyo ndiyo kazi niliyopewa, kukaa hapo, na katika maisha yangu ya kubeba saruji sijafanya kazi iliyonichosha zaidi.

Kocha alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mfupi, mikono imejaa kuanzia kiwiko hadi kiganja. Wazazi wake walitoka Kisii wakafanya kazi kwenye mashamba ya chai, naye alijifunza kukwea alipokuwa akisoma Nairobi. Nilitarajia angempandisha mtoto ukutani siku ileile, tuone. Badala yake alimpeleka kwenye ukuta mdogo uliowekewa magodoro chini, akamfundisha kuanguka. Kunja magoti. Jiviringishe nyuma. Usitangulize mkono, maana mkono unaovunjika ni ule uliotaka kusaidia. Kwa majuma kadhaa nililipa mafuta ya gari kwenda Kericho kumtazama binti yangu akianguka.

Alijifunza kufunga mkanda wa kiunoni na mapajani, na kila mara kabla ya kuondoka chini alitakiwa kuushika kwa mkono, auvute, na mtu mwingine aukague pia. Wakati mwingine mtu huyo nilikuwa mimi. Nilivuta mkanda ule mpaka mtoto akaguna.

Kisha akaonyeshwa mashine inayomshika mtu asianguke. Ni sanduku lililofungwa juu ya ukuta, na ndani yake mna ukanda mpana wa kitambaa unaojivuta wenyewe kadiri unavyopanda. Ukiachia, unakushusha taratibu hadi chini. Hakuna mtu anayeshika upande wa pili.

"Na stima ikipotea?" niliuliza.

"Haitumii stima, Mzee," kocha akasema. Aliniita Mzee tangu siku ya kwanza, nami nikazoea.

Jambo moja lilinipendeza sana. Kocha alieleza kwamba katika mbio hizi njia haibadiliki. Ukuta umekuinamia kidogo, vishikio vikubwa ni vya mikono, vidogo ni vya miguu, na kila kimoja kiko mahali palepale, Kericho au Japani. Nilimwelewa upesi: ni kama msumari wa inchi nne, kila duka ni uleule. Mtoto wa Litein anaweza kuzoea ukuta huohuo anaoupanda bingwa wa dunia. Hapo nilitazama juu, nikaona tatizo.

Ghala lilikuwa fupi. Ukuta ulipanda mita kumi, ukafika kwenye mabati ukaishia hapo, njia ikiwa bado inaendelea. Zile mita tano za juu hazikuwapo.

"Sasa hizo zingine atajifunzia wapi?"

"Kichwani," kocha akasema. "Na kwa simu. Hadi tupate ukuta mzima."

Mwanzoni hakuna aliyezungumza habari ya kasi. Alipanda polepole, akisimama kwenye kila kishikio, akiuliza mguu huu uende wapi. Kocha alimkatia njia vipande vipande, kama mtu anayekata mua, na hakumpa kipande cha pili kabla miguu haijakijua cha kwanza. Alimkataza kujivuta kwa mikono. "Mikono inakuonyesha njia. Miguu ndiyo inakupeleka. Ukijivuta kwa mikono utachoka kabla ya katikati." Mimi nilikaa kwenye gunia nikala njugu, nikasikia maneno hayo mara nyingi mno, hata leo naweza kumfundisha mtu.

Mvua ya Kericho huja mchana, saa nane au tisa, na kila mtu huipangia. Siku moja haikuja na maji. Binti yangu alikuwa amepanda vizuri kuliko siku zote, bila kusimama, akagusa kishikio cha mwisho chini ya mabati. Nilikuwa nimeanza kupiga makofi wakati mawe yalipoanza kushuka.

Asiyewahi kukaa chini ya mabati siku ya mvua ya mawe hawezi kujua kelele ninayoisema. Haikuwa sauti tena, ilikuwa kama kupigwa. Naye alikuwa juu kabisa, kichwa chake kikikaribia kugusa bati lenyewe. Niliona mwili wake wote ukijibana ukutani. Kufika chini ni jambo rahisi kuliko yote, unaachia tu, mashine inakushusha. Hakuachia.

"Achia!" nilipiga kelele. "Maitu, achia!"

Hata mimi sikujisikia. Nilitafuta ngazi kwa macho. Mimi, mtu mwenye ngazi za kila urefu dukani, sikuwa na ngazi. Mashine ilikuwa moja tu, na ndiyo iliyokuwa imemfunga yeye, kwa hivyo hata kocha hakuweza kumfuata. Alikuja akaniwekea mkono begani na kuniambia sikioni, "Atachoka. Akichoka ataachia. Hiyo mashine haijali kama ameamua ama ameshindwa."

Nikasimama. Niliona miguu yake ikianza kutetemeka, ule mtetemeko wa haraka ambao nimeuona kwa ndama aliyezaliwa sasa hivi. Niliona mkono mmoja ukitoka, ukarudi. Sijui ilichukua muda gani. Halafu vidole vikakataa, akatoka ukutani, na ule ukanda ukamshusha polepole, kama ndoo inayoteremshwa kisimani, mpaka akakaa chini kwenye sakafu huku analia bila sauti inayosikika. Ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa nimenyoosha mikono yote miwili mbele yangu, kana kwamba ningemdaka.

Mawe yalipopungua akaniuliza, "Ulikuwa unasema nini?"

"Nilikuwa nasema achia."

"Sikuskia."

"Najua."

Jumamosi iliyofuata nilidhani hatataka kurudi. Alikuwa ndani ya pikapu kabla sijafungua duka. Kocha alimpandisha mpaka kishikio cha tatu akamwambia aachie. Kisha cha tano. Kisha juu kidogo. Siku nzima hakufanya kingine ila kuachia. Mwisho wa siku kocha alinigeukia. "Mzee, panda na wewe. Ndio ujue."

Nilifungwa mkanda. Nilipanda nikafika kama kimo cha kizingiti cha juu cha mlango, na hapo mikono ikawa si yangu. Nilikuwa nimewaza kwamba hofu hukaa kifuani, kumbe hukaa kwenye vidole. Chini binti yangu alikuwa anakula chapati, ananitazama, hasemi neno. Niliposhushwa nilimuuliza kwa nini hakuniambia lolote.

"Ungeniskia?"

Nikafikiri. "La," nikasema.

Kasi ilikuja polepole, halafu ikaja kwa pamoja. Ghafla alikuwa anapanda kwa sauti moja, tap-tap-tap-tap, miguu ikipiga mbao kama mvua inayoanza. Suruali zake zote zikawa na alama za chaki. Viganja vikaota sugu, sugu zikachubuka, na jioni mama yake alimkalisha chini ya taa, akamgeuza viganja na kumpaka yale mafuta ya kukamulia ng'ombe. Hakuuliza chochote kuhusu ukuta. Aliangalia vile viganja tu, jinsi anavyoangalia kidonda cha mgonjwa, kuona kama kinaendelea kupona.

Kocha aliposema kuna mashindano Nairobi, kwenye ukuta mzima, wazo langu lilikuwa moja, zile mita tano. Kwa usiku kadhaa niliziona zikining'inia. Nilimwona mtoto akifika mita kumi na kukuta kitu ambacho mwili wake haujawahi kukigusa. Nikafanya ninachojua kufanya. Nilimwendea mwenye ghala, mzee mmoja wa mjini Kericho, nikamwambia nitaleta mbao, mabati na fundi, tuinue paa upande ule mmoja, yeye asitoe chochote.

Alinisikiliza kwa heshima. "Paa refu litanisaidia nini," akasema, "na mimi nataka kurudisha mbolea humo mwaka huu?"

Ndivyo tulivyojua kwamba ghala linaondoka. Nilimshukuru, nikatoka. Ghala ni lake, na mbolea ni chakula cha watu.

Mke wangu alibadilishana zamu na mwenzake ili aje Nairobi. Tulisafiri sote watatu mbele ya pikapu, mtoto katikati, miguu yake mirefu imekunjwa. Tulipofika mke wangu alitazama ule ukuta mara moja, mzima, kutoka chini hadi juu. Kisha akakaa kwenye kiti, akafumba macho.

"Uniambie wewe," akasema.

Kabla ya mashindano kila mmoja alipewa nafasi ya kujaribu njia. Binti yangu akapanda. Mita kumi za kwanza alizipita kama mtu anayepita nyumbani kwake. Halafu akapunguza. Nilimwona akipapasa, kama mtu anayetafuta swichi ya taa katika nyumba ngeni. Mkono ukapata kishikio, mguu ukakosa, ukapata. Nilikuwa nimeshika mkono wa mke wangu kwa nguvu mpaka akasema, "Unaniumiza. Yuko wapi?"

"Yuko kwenye zile tano."

"Na sasa?"

"Anaendelea. Anaendelea. Amefika! Amegusa!"

Alifumbua macho wakati mtoto anashuka kwenye kamba, mikono imefunguka, anacheka kule hewani. "Kongoi," mke wangu alisema, akimshukuru Mungu kwa lugha yake, akajifuta uso kwa leso. Kwangu mimi mashindano yalikuwa yamekwisha pale. Lile nililoliogopa lilikuwa limepita. Nilienda nikanunua soda tatu.

Ilipofika zamu yake ya kushindana, aliwekwa pamoja na msichana mmoja mnene kidogo wa Nairobi. Wakasimama kila mmoja kwenye njia yake, mguu mmoja kwenye kibao cha chini, mwingine ukutani, mikono juu ya vishikio. Mashine hutoa milio miwili inayofanana, halafu wa tatu ulio mwembamba zaidi, na huo wa tatu ndio ruhusa. Kibao cha chini kinajua mguu umetoka lini. Ukitoka kabla ya mlio, umetoka mashindanoni. Hata ukitoka pamoja nao, upesi kuliko sikio la binadamu linavyoweza kusikia, mashine inasema umebahatisha, na kwa sheria za siku ile unaondolewa hapohapo. Kocha alikuwa ametueleza. Mimi nilikuwa nimelisikia na kuliacha lipite, kwa kuwa halikuhusu urefu.

Mlio. Mlio. Kisha nikasikia honi na taa nyekundu ikawaka upande wake.

Msichana wa Nairobi aliendelea kupanda peke yake. Binti yangu alikuwa ameachia kishikio cha kwanza na amesimama chini, mikono imeanguka ubavuni, akitazama ile taa.

"Amefika wapi?" mke wangu akauliza, macho yamefumbwa.

"Yuko chini."

"Ameshuka haraka hivyo?"

"Hajapanda. Ametoka kabla ya mlio."

Akafumbua macho. "Basi warudie."

"Hawarudii."

"Sheria gani hiyo? Hata sisi hospitali tunampima mtu mara mbili."

Niliinuka nikaenda kwenye meza ya waamuzi. Sikujua nilichokuwa naenda kusema. Msichana mmoja mwenye adabu alinigeuzia kompyuta, akanionyesha kijisehemu cha sekunde kidogo hata sikujua jinsi ya kukitamka. "Pole, Mzee," akasema. "Ni mashine." Nilitazama huku na huku nikitafuta mtu wa kumbembeleza. Palikuwa na watu wengi, na hakuna aliyekuwa ameamua lolote.

Niliporudi, mtoto alikuwa amekaa kati ya mama yake na kocha, anavua vile viatu vyake vya kubana, na hizo soda tatu ziko chini hazijafunguliwa. Kocha alisema hata mabingwa yamewapata. Lilikuwa neno la kweli na halikumsaidia.

Tulirudi kwa njia ileile, Naivasha, Nakuru, Londiani. Tulipokaribia Kericho, chai ikaanza pande zote mbili za barabara, ile kijani ambayo sisi hatuioni tena. Ndipo aliposema, akitazama mbele, "Ningeanguka juu, ningeelewa."

Mama yake aliuchukua mkono wake akauweka mapajani pake, akaushika hivyo hadi Litein.

Ghala likajaa mbolea kama mwenyewe alivyosema. Kocha alifungua vishikio vyote kimoja kimoja, akapata kazi ya kufundisha Nakuru. Kabla ya kuhama alipita dukani akaniachia vishikio vya chini, vile vya kuanzia, pamoja na kibao cha mguu, akasema tutamrudishia siku tukipenda. Nyuma ya duka nina ukuta wa mawe. Nikaegemeza mbao na plaiwudi, kocha akapima mwinamo mwenyewe, tukafunga. Haufiki mita nne, kwa sababu juu yake pana waya wa stima na jirani hataki kusikia. Ni mwanzo wa njia tu. Nilitamani kumjengea yote.

Matokeo yametoka, naye anangoja kuitwa chuo. Hajui kama huko aendako kuna ukuta, na hajui kama atashindana tena. Mimi pia sijui, na nimeacha kumuuliza. Lakini jioni wateja wakipungua husikia simu yake nyuma ya duka ikitoa ile milio mitatu, halafu mguu ukipiga ubao, halafu kimya, halafu milio tena.

Juzi aliniita nimwangalie. Kibao alichoachiwa hakina mashine. Hakiwezi kusema lolote. "Baba, simama hapo uangalie mguu. Uniambie kama nimetoka mapema."

Nikavaa miwani. Nikachuchumaa karibu kabisa, nikakazia macho kidole cha kiatu. Mlio, mlio, na ule mwembamba, na mguu haupo tena.

"Eeh?" aliuliza kutoka juu, akining'inia kwa mkono mmoja chini ya ule waya. "Nimetoka mapema?"

Nilikuwa nimetazama kwa nguvu zangu zote.

"Sijui, maitu."

"Angalia tena," akasema, akaruka chini, akarudisha mguu kwenye kibao.